Dishi juu ya paa: Nani mwenye usemi, mpangaji au mwenye nyumba?

YEYOTE apitaye katika mitaa ya Umoja, Pipeline, Kasarani au Roysambu jijini Nairobi, akainua macho kuyatazama majumba ya orofa, hatakosa kuona vyuma vilivyochomoza nje ya roshani kama mikono iliyonyooshwa kukinga mvua. Kwenye ncha ya kila chuma pana dishi.

Mengine yanameta kwa upya. Mengine yameliwa na kutu, waya zake zimekatika na zinaning'inia mbele ya madirisha ya majirani wa orofa za chini.

Kwa mpita njia, huo ni uchafu wa jiji tu. Kwa mpangaji, dishi ni njia yake ya kupata taarifa ya habari, mechi za Jumamosi na vipindi vya lugha ya kwao. Kwa mwenye nyumba, ni tundu jipya ukutani ambalo hakuulizwa habari yake.

Mvutano baina ya pande hizi haukuanza jana, na kwa kawaida humalizwa langoni. Msimamizi wa ploti hubandika tangazo kwamba madishi yote yaondolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Asiyeridhika hukumbushwa kuwa nyumba za kupanga zimejaa kwingine.

Ni sheria ipi inayompa msimamizi huyo usemi wote huo?

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996, humtaka mtu kupata idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuanza ujenzi. Hata hivyo, mpangaji atakayeifungua sheria hiyo ili ajue kuhusu dishi lake hatapata humo sentimita, wala idadi ya madishi, wala upande wa nyumba ambao dishi linaruhusiwa kukaa. Sheria imenyamaza, na inaponyamaza sheria husema mkataba. Mkataba nao huandikwa na mwenye nyumba.

Walionunua fleti zao wana nafuu kidogo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020 iliweka shirika la wamiliki katika kila jengo la aina hiyo, na shirika hilo ndilo linalosimamia mali ya pamoja kama vile ngazi, nyua na paa. Mwenye fleti anaweza kuhudhuria mkutano, akapiga kura na kutaka kanuni ya madishi ibadilishwe. Mpangaji hana mkutano wa kuhudhuria.

Mataifa mengine yalikwisha kuandika kanuni za jambo hili, na wengi wa wanaotaka Kenya nayo iandike zake hupendekeza tuige Uingereza au Marekani. Kuna jambo moja ambalo mapendekezo hayo husahau, nalo ni mahali Kenya ilipo duniani.

Mbingu ya Nairobi si ya London

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya ikweta, kadiri ya kilomita 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka kwa mwendo ule ule wa dunia. Kwa hiyo huonekana kana kwamba zimesimama pale pale angani mwaka mzima.

Setilaiti inayorushia DStv matangazo yake ya Afrika Mashariki iko kwenye nyuzi 36 mashariki. Nairobi iko karibu na nyuzi 37 mashariki, kusini kidogo tu mwa ikweta. Hii ina maana kwamba setilaiti hiyo iko takriban utosini mwa mkazi wa Nairobi. Dishi lake linatakiwa kutazama juu kwa kadiri ya nyuzi 88, ilhali nyuzi 90 ndiyo wima kamili.

Msomaji asidanganywe na macho. Sahani zinazotumika majumbani siku hizi hukusanya mawimbi kwa mshazari, na kwa hivyo dishi huonekana limeinama kuliko linavyotazama.

Sasa na turudi kwenye roshani ya Pipeline. Juu ya roshani hiyo pana sakafu ya roshani nyingine. Dishi likiwekwa ndani ya roshani, kinyume cha ukingo, litakuwa linatazama zege. Hiyo ndiyo sababu ya vile vyuma vilivyochomoza. Fundi hafanyi hivyo kwa ukaidi wala kwa kupenda kuudhi. Analazimika kulitoa dishi nje ya kivuli cha sakafu ya juu ili lione mbingu.

Hali ni tofauti kwa setilaiti iliyo kwenye nyuzi 7 mashariki, inayotumiwa na Azam TV ya Tanzania. Kutoka Nairobi, hiyo huonekana upande wa magharibi, kwenye kimo cha nyuzi 55 hivi. Aliye na roshani inayoelekea machweo, asiye na jengo la jirani linalomziba, anaweza kulisimamisha dishi ukingoni mwa roshani yake bila ya kutoboa ukuta wala kuchomoza chuma.

London mambo ni kinyume kabisa. Setilaiti zinazowahudumia watazamaji wa huko ziko kwenye nyuzi 28 mashariki, na kwa kuwa London iko mbali sana kaskazini, dishi la huko hutazama kusini mashariki kwa kimo cha nyuzi 25 tu, juu kidogo ya mapaa ya majirani. Dishi la London linataka ukuta. Dishi la Nairobi linataka paa.

Tofauti hiyo ndiyo inayozifanya kanuni za Waingereza, nzuri kwao, zisitufae sana sisi.

Sentimita za Waingereza

Tangu Sky ilipoanza kurusha matangazo yake Februari 1989, madishi yalienea katika miji ya Uingereza kwa kasi iliyowashtua wapenda majengo. Wapo waliolalamika kwa ajili ya kuta za kale. Wapo pia, ingawa hawakusema waziwazi, waliochukizwa kwa sababu dishi lilikuja kuhesabiwa kuwa alama ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Kinaya ni kwamba katika miaka hiyo ya tisini, dishi hapa Kenya lilikuwa alama ya tajiri. Sahani ile ile iliyomwonea haya mwenye nyumba wa kule ilimtia kiburi mwenye jumba la Lavington.

Kanuni zinazotumika sasa England ni za mwaka 2015. Nyumba ya kawaida inaruhusiwa antena mbili bila ya kuomba idhini ya mipango: moja isizidi sentimita 100 na nyingine isizidi sentimita 60. Ikiwekwa kwenye bomba la moshi, isizidi sentimita 60 wala isipite kimo cha bomba lenyewe. Ujazo wake usizidi lita 35.

Katika maeneo yaliyohifadhiwa kwa sababu ya thamani ya majengo yake, ni marufuku kuliweka dishi kwenye ukuta, bomba la moshi au mteremko wa paa unaoelekea barabara na kuonekana kutoka huko. Nyumba zilizoorodheshwa kuwa za kihistoria zina idhini yake ya pekee.

Kisha yako masharti mawili ambayo kwa hakika ndiyo bora kuliko vipimo vyote. La kwanza, dishi liwekwe mahali litakapoharibu sura ya jengo kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. La pili, liondolewe likiisha kazi yake.

Lakini kanuni hizo zinahusu mpangilio wa mji tu. Hazimwondolei mpangaji wa London wajibu wa kumwomba ruhusa mwenye nyumba. Anayezitaja hapa Kenya kama ngao ya mpangaji hajazisoma hadi mwisho.

Wamarekani walipita njia nyingine. Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996 iliiagiza tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kufuta vizuizi vinavyomnyima mtazamaji matangazo ya setilaiti. Tume ikaweka kanuni kwamba dishi lisilozidi kipenyo cha mita moja haliwezi kupigwa marufuku na serikali ya mtaa, chama cha wakazi wala mwenye nyumba, ikiwa marufuku hiyo inamchelewesha mtu isivyostahili, inamwongezea gharama isivyo haki au inamzuia kupata mawimbi. Vizuizi vya usalama na vya kuhifadhi majengo ya kihistoria vinakubaliwa, ila anayeviweka ndiye anayebeba mzigo wa kuvithibitisha.

Mwaka 1999 haki hiyo ilipanuliwa ikawafikia wapangaji, kwa sehemu wanazozitumia peke yao kama vile roshani na ua mdogo. Paa la pamoja na kuta za nje hazimo.

Na hapo ndipo kanuni ya Marekani inapovunjikia Nairobi. Mpe mpangaji wa Kasarani haki kamili juu ya roshani yake, na bado dishi lake la nyuzi 36 litakuwa linatazama zege. Ukimruhusu achomoze chuma, ameshatoka nje ya eneo lake na kuingia anga ya pamoja, juu ya vichwa vya watoto wanaocheza chini. Haki anayohitaji ni ya paa.

Mwenye nyumba naye ana hoja

Itakuwa dhuluma kumchora mwenye nyumba kama mtu mwenye roho mbaya. Hasara anazozilalamikia ni za kweli.

Fundi akipigilia msumari au kukaza skrubu kwenye bati pasipo kuziba tundu kwa mpira na lami, mvua ya masika haitachelewa kumfikia aliye chini. Ukuta wa matofali uliotobolewa mara nne na wapangaji wanne waliofuatana huanza kumeguka. Kutu humwagika kwenye rangi. Aidha, paa la jengo la Nairobi halikuachwa tupu: kuna matangi ya maji, kamba za nguo na, mara nyingi, waya za umeme zinazopita karibu kuliko inavyopasa. Kila fundi anayepandishwa juu ni hatari nyingine kwa mwenye jengo.

Kuna na radi. Katika maeneo kama Kisii na Kakamega, ambako ngurumo ni jambo la kila msimu, dishi la chuma lililowekwa mahali pa juu kabisa bila ya waya wa kuliunganisha na ardhi ni mwaliko. Si mafundi wote wa mitaani wanaojisumbua na waya huo, kwa sababu mteja hauoni na hatakubali kuulipia.

Isitoshe, madishi hayaondolewi. GTV ilipoingia sokoni mwaka 2007 ikiwa na mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, Wakenya wengi walinunua vifaa vyake. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni hiyo ilifunga shughuli zake ghafla. Ving'amuzi viliishia kabatini. Madishi yalibaki ukutani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuyashusha. Mpangaji alihama na televisheni yake, akamwachia mwenye nyumba chuma. Sharti lile la Waingereza la kuondoa dishi lililokwisha kazi lingalimfaa sana mwenye nyumba wa Kenya mwaka huo.

Suluhisho la kiufundi lipo, wala si geni. Badala ya madishi arobaini, jengo la fleti arobaini laweza kuwa na moja kwa kila setilaiti, likiwa juu ya paa, limefungwa na fundi mmoja anayejulikana.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Waya unaotoka kwenye LNB, kile kichwa kidogo kinachoshikiliwa mbele ya sahani, hauwezi kugawanywa kama bomba la maji. King'amuzi cha kila nyumba huiagiza LNB impe mawimbi anayoyataka mtazamaji: ya wima au ya ulalo, ya masafa ya chini au ya juu. Jumla yake ni makundi manne, na waya mmoja hubeba kundi moja kwa wakati mmoja. Majirani wawili wakiunganishwa kwenye waya mmoja, anayebadilisha stesheni humkatizia mwenzake picha. Ugomvi mwingi wa majirani waliochanga pesa kununua dishi moja umeanzia hapo, na lawama zikamwendea fundi au hali ya hewa.

Kifaa kinachotakiwa huitwa maltiswichi. Hupokea makundi yote manne kutoka kwa LNB, kisha humpa kila mpangaji, kwa waya wake mwenyewe, kundi analoliagiza. Kila mmoja hubaki na king'amuzi chake na malipo yake. Kama LNB ina matundu manne yanayojitegemea, nyumba nne ndogo zaweza kuhudumiwa hata bila ya maltiswichi.

Sahani nayo isiwe ndogo mno. Mawimbi ya masafa haya hufifia mvua kubwa inaponyesha, na anayetaka kuokoa shilingi kwa kununua dishi dogo atakosa picha mvua za Aprili zitakapoanza. Kwa kuwa dishi letu limelala kuelekea juu, maji na majani hutuama ndani yake, na ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hutoboa kitundu cha kuyatolea.

Gharama kubwa haiko kwenye vifaa hivyo bali kwenye waya. Kupitisha waya arobaini katika jengo lililokwisha kumalizwa ni kuchimbua kuta au kuzifunika kwa nyoka weusi. Kuzipitisha wakati wa ujenzi ni suala la mabomba machache ya plastiki ndani ya ukuta, kutoka paani hadi kila sebule.

Kaunti ndizo zinazoidhinisha ramani za majengo. Zingetaka, zingalilifanya bomba hilo la waya kuwa sharti la idhini, kama zinavyotaka choo na ngazi. Halingemgharimu mjenzi kitu cha kulalamikia, na lingefaa pia kwa waya za intaneti.

Asiyekuwa na chaguo

Dishi la pamoja lina hatari yake, nayo ni kubwa kuliko kutu.

Anayemiliki paa na waya ndiye anayeamua ni kampuni ipi itapita humo. Katika mitaa mingi ya Nairobi, wakazi wamekuwa wakilalamika kwamba jengo lao limefungiwa mtoaji huduma mmoja wa intaneti au televisheni, kwa mapatano ambayo wao hawakuyaona. Mpangaji wa jengo la namna hiyo akiambiwa ashushe dishi lake kwa sababu "kuna huduma ya jengo", kinacholindwa si ukuta. Kinacholindwa ni biashara.

Wajerumani wanaijua hali hiyo. Kwa miaka mingi, mwenye nyumba wa huko aliruhusiwa kuiingiza ada ya televisheni ya kebo katika gharama za nyumba, mpangaji awe anaitazama au haitazami. Ruhusa hiyo iliondolewa kuanzia Julai 1, 2024.

Kabla ya hapo, mwezi Februari 1994, Mahakama ya Kikatiba ya nchi hiyo ilikuwa imeamua kesi ya mpangaji mwenye asili ya Uturuki aliyetaka dishi katika jengo ambalo tayari lilikuwa na kebo. Mahakama ilisema kwamba maslahi ya mgeni kupata habari za nchi yake, ambazo kebo ile haikuzileta, lazima yapimwe dhidi ya haki ya mwenye nyumba juu ya jengo lake. Kuwepo kwa huduma ya pamoja pekee hakukutosha kumkatalia.

Hoja hiyo yafaa kutafakariwa Eastleigh, ambako wakazi wengi hufuatilia habari za Somalia na Ethiopia, na popote pale ambapo mpangaji anataka stesheni ambayo huduma ya jengo haina. Kanuni ya busara ingesema hivi: mwenye nyumba anaweza kukataza madishi ya mtu mmoja mmoja ikiwa tu jengo lina dishi la pamoja lililo wazi kwa kampuni zote, na mpangaji anayehitaji setilaiti ya ziada ana njia ya kuiomba. Palipo na kampuni moja, marufuku isiwepo.

Kiamu na Mji wa Kale

Pwani ndiko ambako mtu angetarajia mgongano uwe mkali zaidi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inazipa kinga sehemu za kihistoria nchini. Sahani ya bati iliyobandikwa juu ya mlango wa nakshi ni kitu kinachomuumiza yeyote apendaye majengo ya Waswahili.

Kumbe huko ndiko ambako jibu ni rahisi. Lamu na Mombasa zote huiona setilaiti ya nyuzi 36 kwenye kimo cha takriban nyuzi 84. Nyumba ya kale ya Kiamu ina kiwanda, ule ua wa ndani ulio wazi juu, na kuta nene za matumbawe zilizopanda orofa mbili au tatu. Ukilitandika dishi kwenye sakafu ya kiwanda, au nyuma ya ukuta wa kingo za paa, litaiona setilaiti yake bila ya tabu na hakuna apitaye njiani atakayelijua lipo. Waliojenga nyumba hizo hawakuwaza televisheni, ila mpango wao unaifaa kuliko fleti ya kisasa ya Nairobi.

Adui wa huko ni chumvi ya bahari. Dishi la chuma cha rangi halimalizi misimu mingi kabla ya kuanza kumenyuka. Aluminiamu hudumu zaidi, nayo bei yake iko juu.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu wote ni wa kizazi kilichopita, kwa kuwa vijana hutazama kila kitu kwenye simu. Ni kweli kwamba intaneti ya nyaya imefika katika mitaa mingi. Lakini mnamo Julai 2023 Starlink ilianza kuuza huduma yake nchini, na kifaa chake cha mstatili kinahitaji kuona sehemu pana ya mbingu kwa sababu setilaiti zake, zilizo kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, hazisimami mahali pamoja. Wateja walikuwa wengi kiasi kwamba mwishoni mwa 2024 kampuni hiyo iliacha kwa muda kupokea wapya Nairobi na viunga vyake. Kifaa hicho hakitoshei chini ya roshani ya jirani hata kidogo. Swali la paa limerudi kwa mlango mwingine, na safari hii si la mechi tu bali pia la kazi na masomo.

Katiba na chuma cha dirishani

Wakenya wanakumbuka jinsi stesheni za Citizen, NTV, KTN na QTV zilivyotoweka hewani Februari 14, 2015 wakati mitambo ya analojia ilipozimwa, siku moja baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu, zikakaa kimya kwa takriban wiki tatu. Malalamiko ya wakati ule yalielekezwa kwa serikali na kwa kampuni za utangazaji. Hakuna aliyefikiria kumlalamikia mwenye ploti.

Hata hivyo, Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hakizungumzii haki ya kusema pekee. Kinataja pia uhuru wa kutafuta na kupokea habari na mawazo. Kifungu cha 20 nacho kinasema kwamba Sheria ya Haki inazibana asasi zote za dola na watu wote. Mwenye nyumba ni mmoja wa watu wote.

Haki hiyo si ya kupita mipaka, kwani mwenye nyumba naye ana haki ya mali yake. Lakini tangazo la sentensi moja lililobandikwa langoni halitoshi kuwa mizani baina ya haki mbili za kikatiba.

Mfano wa mizani hiyo unapatikana Sweden. Familia moja yenye asili ya Iraq, baba, mama na watoto watatu, ilipanga nyumba huko Rinkeby, kiungani mwa Stockholm, mwaka 1999. Walikuwa na dishi la kuwapatia matangazo ya Kiarabu na Kiajemi. Mwenye nyumba alipowataka waliondoe ukutani, walilitoa, wakalifunga kwenye chuma kilichotokea jikoni kupitia dirisha dogo. Mkazi wa Pipeline angekitambua chuma hicho mara moja. Mwenye nyumba hakuridhika. Mahakama ya rufaa ya Sweden ikamuunga mkono Desemba 2005, na familia ikapoteza nyumba.

Walikwenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo Desemba 16, 2008 ilitoa uamuzi kwamba haki yao ya kupokea habari ilivunjwa. Mahakama ilisema haki hiyo haihusu siasa tu, bali hata utamaduni na burudani. Ilitambua kuwa dishi lile halikuwa hatari kwa mtu, kwamba magazeti na redio za kigeni hazikuweza kuwa badala ya televisheni, na kwamba jengo lenyewe lilikuwa la kupangisha kiungani, lisilo na madai yoyote ya urembo.

Majaji wa Kenya hawafungwi na uamuzi huo, ingawa hawazuiwi kuusoma. Wanaopaswa kuusoma kwanza ni mabunge ya kaunti, kwa maana yana uwezo wa kuandika kanuni kabla ya kesi kuzuka: kipimo cha dishi, bomba la waya katika kila ramani mpya, mlango wa paa kwa kila kampuni, waya wa ardhini, na muda ambao mpangaji anayehama amepewa wa kushusha chuma chake na kuziba tundu.

Familia ile ya Rinkeby ilishinda kesi na kulipwa fidia. Siku hukumu iliposomwa, walikuwa wamekwisha kukaa miaka miwili na nusu Västerås, kilomita 110 hivi kutoka Stockholm.